Nilimwita Baba Mkwe kwa Jina Lake Mbele ya Wasaili

Nimekosa. Naanza na hilo kabisa, ili mtu asije akafika katikati akaanza kunihurumia kabla hajajua nilichofanya. Wale wasaili walikuwa watu wa hovyo, ndiyo, na nitawasema. Lakini mdomo uliotamka ni wangu mwenyewe, hakuna aliyeushika.

Jina langu siliandiki hapa. La baba mkwe wangu pia siliandiki, ila la kwake nina sababu nyingine. Nililitamka mara moja tu maishani, na ile mara moja imetosha kuniharibia nyumba.

Mimi ni mzaliwa wa Kinyala, nimeolewa Masoko, huu ni mwaka wa tano. Mume wangu ni fundi wa mashine, yuko Chunya, anakuja nyumbani mara mojamoja. Kwa hiyo pale tunabaki mimi na mwanangu mdogo, mama mkwe ambaye miguu inamsumbua, na baba mkwe. Wao nyumba yao, sisi nyumba yetu, uwanja mmoja, migomba imetuzunguka pande zote.

Sasa kwa wasio wa huku ngoja niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Wazee wanaita ukutila, yaani kumwogopa, lakini siyo ule woga wa kumwogopa mbwa mkali. Ni heshima. Hukai naye chumba kimoja, humwangalii usoni, humpi mkono, jina lake hulitamki hata akiwa hayupo. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba, anageukia pembeni, mwenzake anapita. Naye anakuogopa vilevile! Akitaka kupita uwanjani anakohoa kwanza akiwa mbali, ili ujifunike kanga au uingie ndani.

Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Wengine wanakaa na wakwe zao sebuleni wanaangalia mpira, hakuna neno. Ila nyumba niliyoolewa mimi bado wanashika. Na nisiwadanganye, mwanzoni niliona taabu tupu. Nilimuuliza mume wangu, hivi mama akiwa hayupo na mimi nina shida, baba yako nitamwambiaje? Akacheka, akasema, "Utaona."

Nikaona. Baba mkwe wangu alikuwa anaongea na mimi kupitia ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe! Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa anaitwa Bahati, banda lake liko kati ya nyumba zetu mbili. Mzee anasimama kule nyuma ya banda, mimi niko jikoni simwoni, namsikia tu. "Bahati, lile wingu la mlimani siyo zuri. Naona kuna nguo kwenye kamba." Mimi huyo, mbio kuanua nguo, na mvua ya kwetu mnaijua, hata sijamaliza kuzikunja inaanza kupiga bati. Au utasikia, "Bahati, kuna mkungu nimeuacha pale nje, mtu asiunyanyue peke yake, ni mzito."

Nilipokuwa na mimba ndiyo usiseme. Asubuhi nasikia, "Bahati, njia ya mtoni ina utelezi, mtu asiende. Maji yameshachotwa." Natoka nje, naziona ndoo mbili zimejaa mlangoni, zimefunikwa kwa jani la mgomba. Mwenyewe simwoni.

Nami nikajifunza. Nikawa namjibu hivyohivyo. "Ndaga, Bahati," yaani asante. "Bahati, mbalaga imeiva, nimempelekea mama," yaani zile ndizi zetu za kupika. Miaka yote hiyo sura yake sikuwahi kuiona vizuri, nilikuwa naujua mgongo wake, koti lake na kikohozi chake. Lakini nawaambia kweli kabisa, hata baba yangu mzazi hakuwahi kunijali vile.

Basi tuje kwenye kazi.

Mimi nilisomea ukarani na utunzaji wa kumbukumbu, nikapata cheti, nikaolewa, cheti kikakaa kwenye begi chini ya kitanda. Nimeandika barua za maombi mpaka nikawa nazijua kwa kichwa. Wenzangu niliosoma nao wanaweka picha zao wakiwa maofisini, mimi nakata majani ya ng'ombe. Iliniuma, siwafichi. Kila nikichukua panga kwenda shambani nilikuwa najisemea, hivi nilisoma nini?

Siku moja shoga yangu wa Tukuyu mjini akanitumia picha ya tangazo. Kituo cha kukusanyia maparachichi kinatafuta karani wa mapokezi, nafasi moja. Kazi ya kukaa dirishani, kupokea wakulima, kuandika mzigo wa kila mmoja na kumpa karatasi yake. Nikasema hii ni yangu, imeandikwa kwa ajili yangu! Nikaomba. Wakanipigia simu niende kwenye usaili. Nililia pale pale bandani, Bahati ananiangalia.

Siku yenyewe nikavaa sketi nyeusi, blauzi nyeupe, na koti la kuazima kwa shoga yangu. Kanga nikaikunja nikaizamisha chini kabisa ya mkoba. Nilitaka nionekane mtu wa ofisi. Natoka uwanjani nikasikia nyuma ya banda, "Bahati, leo kuna mtu anakwenda kwenye jambo lake. Tumemwombea." Nikasema, "Amina, Bahati." Nikaenda zangu natabasamu njia nzima.

Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Tulikuwa watu saba kwenye benchi, barazani, mvua inanyesha na upepo unatumwagia manyunyu. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne mlinzi akapita akatuambia kila mtu ahakikishe ana vyeti halisi, siyo nakala. Nikafungua bahasha yangu. Nakala! Zote nakala, vyeti halisi vimebaki nyumbani kwenye begi. Jasho lilinitoka na baridi lote lile.

Nikampigia mama mkwe. Nilikuwa karibu kulia. Akaniambia, "Mwe, mwanangu, tulia. Vitakuja." Sikuuliza vitakuja na nani. Nilidhani atamkabidhi kijana wa bodaboda basi.

Saa tano kasoro ndiyo wasaili wanafika. Wanashuka kwenye gari wanacheka, wamebeba mifuko ya chipsi. Hakuna aliyesema samahani wala pole na mvua. Tena wakaanza kula kwanza! Sisi tumekaa na njaa zetu, harufu inatufikia, tunawaona dirishani wanavyolamba vidole.

Zamu yangu ilifika saa nane mchana. Dada aliyenitangulia alitoka anafuta machozi. Nikamuuliza vipi? Akanijibu, "Ingia tu, utaona mwenyewe," akashika njia na mvua yake.

Ndani walikuwa watatu. Katikati mwenyekiti wao, mwanaume mnene mwenye koti la kampuni, mtu wa huku huku kwetu, alipofungua mdomo tu lafudhi yake niliijua. Kushoto kwake dada mwenye kope za kubandika, simu mkononi, anaangalia vichekesho na sauti ameifungulia, wala hakuizima nilipoingia. Kulia kijana aliyetoka Dar, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na giza lote lile la mvua!

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mjukuu," kijana akajibu. Wakacheka.

Barua yangu iko mezani ina doa la tomato. Mwenyekiti akaishika kwa ncha za vidole akaanza kuisoma kwa sauti ya kuigiza, kama mtoto wa shule anayesoma risala. Wakacheka tena. Akaitupa.

"Umeolewa?"

"Ndiyo."

"Mume yuko wapi?"

"Chunya."

"Chunya! Kwa hiyo huko Masoko baridi lote lile unalala peke yako? Maskini!"

Yule dada bila kuinua macho kwenye simu akasema, "Muulizeni kama anazaa tena. Hawa ukiwaajiri leo, kesho wako likizo ya uzazi."

Jamani, mimi nilikuwa nimejiandaa! Nilikuwa nimekariri daftari la mapokezi linavyopangwa, nimejifunza jinsi ya kumtuliza mkulima ambaye mzigo wake umekataliwa, hata aina za maparachichi nilizijua. Hakuna swali hata moja la kazi. Mara msichana mmoja akaingia bila hodi, akawawekea soda mezani, akamwambia mwenyekiti, "Anko, hizi ndizo nilizopata." Kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni anaangalia kucha zake. Nikajiuliza huyu ni nani. Sikujiuliza sana.

"Vyeti halisi," mwenyekiti akasema.

"Vinaletwa, mzee."

"Vinaletwa! Huyu anadhani yuko gulioni."

Hapo ndipo nikasikia kikohozi.

Nyie, kile kikohozi nakijua! Nimekisikia uwanjani kwangu kila siku ya Mungu. Mwili wangu wenyewe ulianza kunyanyuka, mkono ukaenda begani kutafuta kanga, kanga haipo. Mlango ulikuwa wazi. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama pale nje, amegeukia ukuta, ubavu wake ndio ulikuwa upande wetu. Amevaa koti lake la kanisani, lile la kahawia, limelowa mpaka linachuruzika. Suruali ina matope hadi magotini. Baadaye nilikuja kujua kwamba bodaboda iliteleza njiani na sehemu kubwa alitembea kwa miguu.

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Akauweka juu ya kizingiti bila kutazama ndani. Akarudi nyuma hatua mbili, akatupa mgongo.

"Huyu mzee vipi?" kijana wa miwani akauliza. "Mbona anaangalia ukuta?"

Mwenyekiti alijua. Nilimwona usoni kwamba amejua! Ni mtu wa huku, na yeye ana wakwe zake nyumbani. Akatabasamu akasema, "Huyo ni baba mkwe wake. Huku mkamwana na baba mkwe hawaangaliani. Jina lake tu huyu hawezi kulitamka."

Kwa mara ya kwanza yule dada akaweka simu mezani. "Acha bwana! Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Sasa atakaaje dirishani?" kijana akasema. "Mkwe akija na maparachichi yake, huyu si atajificha chini ya meza?"

Wakacheka mpaka yule msichana wa soda naye akacheka. Mwenyekiti akanigeukia, akaegemea kiti. "Hilo ndilo swali langu kwako. Kazi hii ni kumwangalia mtu usoni na kuandika jina lake. Mwite huyo mzee kwa jina lake, aingie. Mpe mkono. Mkaribishe kama unavyomkaribisha mkulima yeyote. Tuone kama kazi unaitaka."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuokota vyeti vyangu pale kizingitini nikaondoka kama yule dada mwenzangu aliyetoka analia, ambaye leo namwonea wivu. Aliondoka na machozi tu.

Mimi nilifikiria begi chini ya kitanda. Nikafikiria panga na majani ya ng'ombe. Nikafungua mdomo, nikamwita baba mkwe wangu kwa jina lake, la kwake na la baba yake, nikasema, "Karibu ndani."

Mabega yake yalishtuka. Hakugeuka.

"Kamlete," mwenyekiti akasema.

Nikaenda. Nikamshika mkono! Mkono wa baridi, umelowa, una sugu za kazi. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwangalia macho. Yalikuwa macho ya mtu mzee aliyechoka na njia. Hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa yananiuliza tu kuna nini, mwanangu, umepatwa na nini.

Wale wakapiga makofi.

Na hapa ndipo kosa langu lenyewe lilipo. Jina nililazimishwa, mkono nililazimishwa, mtu angeweza kunitetea. Ila kilichofuata sikulazimishwa na mtu. Yale makofi yalinipanda kichwani. Tangu nimeingia walikuwa wananicheka mimi, sasa wanacheka pamoja na mimi, nikaona ndiyo nimepata. Yule dada akaniuliza, "Sasa nyumbani mnaongeaje?"

Nikacheka. Nikasema, "Huyu? Huyu anaongea na ng'ombe!"

Na nikamwigiza. Mungu anisamehe, nikamwigiza mbele yake, mkono wake bado ninao. Nikakunja sauti, nikakohoa kama anavyokohoa, nikasema, "Bahati, naona kuna nguo kwenye kamba!" Kijana wa miwani alipiga meza kwa kucheka. Nikaongeza, "Mambo ya kizamani hayo, mimi wala siyaamini, nawavumilia tu."

Baba mkwe akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, bila kunivuta. Hakuwaangalia wale. Akainama, akauokota ule mfuko, akanikabidhi mkononi kama mtu anavyomkabidhi mtu yeyote. Akasema, "Havikulowa. Angalia mwenyewe." Akashuka ngazi akaondoka na mvua.

Nilifungua fundo. Vyeti vyangu vilikuwa vikavu kabisa, amevizungushia gazeti, juu ya gazeti nailoni, na juu yake nailoni nyingine.

Mwenyekiti hata hakuvisoma. Alivisogeza pembeni, uso wake umebadilika, hacheki tena. Mnajua aliniambia nini? "Dada, wakulima wetu hapa ni wazee watupu. Kama mkweo mwenyewe umemfanya hivi kwa ajili ya kazi, hawa wengine utawafanyaje?" Yeye! Yeye aliyeniamuru! Kijana akasema, "Tutakupigia."

Hawakupiga. Shoga yangu aliniambia wiki iliyofuata kwamba dirishani amekaa yule msichana wa soda. Nafasi ilikuwa yake tangu mwanzo, sisi saba tuliitwa kujaza benchi.

Nilivyofika nyumbani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Kijana wa bodaboda alikuwa amemfuata mzee mpaka pale kituoni kumdai helmeti yake, akasimama chini ya ngazi, akasikia kila kitu. Mama mkwe nilimkuta amekaa jikoni kwake, moto umezimika, hajawasha.

"Ulimwita?" akaniuliza.

Nikaweka mkoba chini.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulimwita kwa jina?"

"Walinilazimisha, mama."

"Na ng'ombe? La ng'ombe nalo walikulazimisha?"

Mama mkwe alilia. Akaniambia kwamba asubuhi ile nilipopiga simu alitaka kumtuma kijana wa jirani, mzee akakataa. Alisema, "Vijana wanacheza na karatasi za watu, hivi ni vyeti vya mtoto, nitakwenda mwenyewe." Koti la kanisani alilivaa kwa sababu alisema, "Siwezi kwenda ofisini nikamtia mtoto aibu mbele za wakubwa zake." Mniambie, mtu anayaweka wapi maneno kama hayo?

Mume wangu nilimwambia kwa simu mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulimwigiza na kukohoa?" Nikasema ndiyo. Akakata. Siku aliyokuja nyumbani alilala kwa wazazi wake.

Nilitafuta njia ya kuomba radhi. Nilimwendea shangazi wa mume wangu, mtu mzima anayejua mambo, akanichukua na kuku na unga wa ulezi, nikapiga magoti nje ya nyumba ya mzee, kanga kichwani, uso chini. Shangazi akasema maneno yote yanayotakiwa kusemwa. Nilisikia mzee anatoka. Nilisubiri akohoe. Hakukohoa.

Alikuja mpaka mbele yangu akasimama. Akasema, "Inuka, dada. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeshasamehe. Kuku mrudisheni bandani, mtoto ale mayai." Akaninyooshea mkono. Nikaushika, ningefanyaje? Shangazi akageuza uso.

Dada! Aliniita dada!

Tangu siku ile baba mkwe wangu haniogopi tena. Njiani akikutana na mimi haingii migombani, ananyoosha anapita, "Habari za asubuhi, dada," kama anavyomsalimia mwanamke yeyote wa sokoni. Uwanjani hakohoi. Ananiangalia usoni, ananipa mkono, hana kinyongo, hana neno baya. Wenzangu kanisani wananiambia una bahati wewe, mzee wenu amekuwa wa kisasa, sisi wetu wanatusumbua. Nacheka nao. Nikifika nyumbani nalia, kwa sababu mimi najua. Mkamwana ndiye anayeogopwa. Asiyeogopwa ni mtu baki.

Na Bahati haongeleshwi. Mzee anamkamua kimya, anampa majani kimya, anaondoka. Zamani nilikuwa nawasikia hata wakati ambapo hakuna la kuniambia mimi, anamwambia tu habari za kahawa na za kanisa. Sasa banda limenyamaza.

Kuna siku nilishindwa. Nilimsikia yuko upande wa pili wa banda, nikasimama upande wangu, nikajifunika kanga yangu vizuri. Nikasema, "Bahati. Mwambie baba kuna mtu amekosa. Mwambie hana usingizi. Mwambie anaomba arudishwe alipokuwa."

Nikasikia ndoo inawekwa chini. Mzee akazunguka banda, akaja akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni kwa upole kabisa.

"Ng'ombe hasikii maneno, dada," akasema. "Ukiwa na neno niambie mimi, niko hapa."

Neno lenyewe halikutoka. Nilikuwa nalo, lakini siyo neno la kumwambia mtu usoni. Akasubiri kidogo, akachukua ndoo yake akaenda.

Basi wenzangu mnaotafuta kazi, nawaomba mnisikilize mimi niliyeungua. Ukiingia kwenye chumba cha usaili ukakuta watu wanakula, wanacheka, wanakuuliza unalala na nani, jua hapo hakuna kazi. Nyanyuka. Watu wa namna hiyo hawaangalii unaweza nini, wanaangalia utakubali kushushwa mpaka wapi, na ukishashuka wao wenyewe ndio wa kwanza kukudharau. Kazi utaomba nyingine. Lakini cha nyumbani kwenu usikipeleke pale mezani. Hata kama wewe mwenyewe unakiona cha kizamani, hata kama unakionea aibu mbele ya watu wa mjini, kiache nyumbani kilipo. Hujui kinachokushikilia mpaka siku utakapokitoa watu wakicheke.

Na ninyi mnaokaa upande ule mwingine wa meza, Mungu anawaona.

Jana nilifua. Nilianika nguo zote, za kwangu na za mtoto, nikaingia jikoni kupika maharage. Mzee alikuwa amekaa barazani kwake, anaiona kamba, anauona na mlima. Mvua ilikuja ghafla kama kawaida yake. Nilivyotoka mbio nguo zilikuwa zimeshalowa zote, hakuna hata moja iliyopona. Baba mkwe aliniangalia, akainua mkono kunisalimia, akasema, "Pole na mvua, dada."